Kesi ya Ngedere

Je, serikali ya kikoloni inahitaji ofisi huru ya kupokea malalamiko ya wananchi? Wengine watasema swali hili halina maana, kwani aliyekuja kutawala bila kuombwa hawezi kujenga ofisi ya kujisuta. Mimi nikilitazama shauri la ardhi ya Wameru naona lina maana kubwa.

Novemba 1951 watu wapatao 3,000 walianza kuondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili walowezi wa Kizungu wapate mashamba ya mifugo. Wangelalamika kwa nani? Bwana Shauri alikuwa mtumishi wa serikali ile ile. Gavana ndiye aliyekuwa mkuu wake. Na barua ikifika London, Wizara ya Makoloni ingemtaka maelezo Gavana huyo huyo. Ndiyo kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Bahati yao, kama ni haki kuiita bahati, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa lilipaswa kupokea maombi ya wenyeji. Wameru wakachangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton wakasimama New York kueleza yaliyotendeka. Uingereza ikalazimika kujibu hadharani, mbele ya mataifa ambayo haikuyatawala. Katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili ya kura. Walisikilizwa, ardhi hawakurudishiwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini akiwasimulia watu, na sidhani kama Gavana alifurahia ziara hizo.

Kenya ilikuwa koloni kamili, haikuwa na mlango huo. Wakati wa Mau Mau, Kamishna wa Polisi Arthur Young alitaka polisi wachunguze hata uhalifu uliofanywa na upande wa serikali. Kabla mwaka 1954 haujaisha alikuwa amejiuzulu, na taarifa yake ikafungiwa. Huyu alikuwa Mwingereza, tena mkubwa! Kwa hiyo nasema ofisi ilihitajika, ila ilipaswa kuwa nje ya mkono wa Gavana, la sivyo ni sanduku la barua tu.

Tanzania huru iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966. Wajumbe wake waliteuliwa na Rais, na taarifa zao zilipelekwa kwa Rais.