Namba haina upendeleo: kutoka EDSAC hadi roboti yetu ya chuo

Leo sina simu mpya wala programu mpya ya kuwaletea. Nataka tuongee kuhusu chombo kikongwe kabisa katika kazi hii ya kuunda programu: kuiamuru mashine ichapishe namba iliyo nayo kwenye kumbukumbu yake, basi! Wengi hukionea haya, eti ni cha wanagenzi. Mimi siwezi, maana kiliwahi kuniokolea urafiki.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, wanne kati yetu tulitengeneza roboti ndogo kwa bodi ya Arduino Uno. Kazi yake ilikuwa kusafiri mita 8, kupunguza mwendo ikikaribia mwisho, kisha kusimama. Ndani ya maabara tuliijaribu kwa mita 2 ikasimama vizuri sana. Tulipoipeleka kwenye korido, ikapita mwisho na kugonga ukuta. Tukarudia, ikagonga tena. Hakuna aliyeitilia shaka programu. Sote tulimgeukia mwenzetu aliyelehemu nyaya za mota. Siku mbili za maneno makali, na siku ya tatu hakuja.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu shida hii ina umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu.

Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kompyuta iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza na kuchapisha jedwali la vipeo vya pili vya namba. Kiongozi wa mradi huo alikuwa Maurice Wilkes. Muda mfupi baadaye aliandika programu ya kutatua mlinganyo mgumu wa hisabati. Ilikuwa na mistari 126 tu, lakini ndani yake mlikuwa na makosa kama 20! Wilkes alikuja kueleza kwamba wakati huo ndipo alipotambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake itaisha akisaka makosa ya programu zake mwenyewe.

Mwanzoni watu wa EDSAC waliweza kuiendesha mashine amri moja moja huku wakichungulia kumbukumbu yake kwenye viwambo vidogo. Lakini kompyuta ilikuwa moja na foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo kuchungulia kulikula muda wa wengine. Dawa ikawa karatasi. Zikaandikwa programu za kuchapisha yaliyomo kwenye kumbukumbu baada ya programu kukwama, kama daktari anavyompasua marehemu kujua kilichomuua. Mwaka 1951 Stanley Gill, mwenzake Wilkes, alichapisha makala kuhusu njia za kutambua makosa ya programu. Mojawapo ilikuwa kuifuata programu amri kwa amri huku mashine ikichapisha ilichokuwa ikifanya. Mwenye programu aliondoka na karatasi yake, akaenda kufikiria mezani.

Kutoka hapo njia hiyo ilienea pamoja na lugha za programu. Martin Richards, naye wa Cambridge, aliipa lugha yake ya BCPL amri ya writef. BCPL ndiyo bibi wa C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na humo ndimo tulimopata printf. Mwaka 1979 Brian Kernighan, katika mwongozo wake kwa wanaoanza kutumia Unix, aliwashauri wasomaji kwamba chombo bora cha kusaka makosa bado ni kufikiri kwa makini, pamoja na amri za kuchapisha zilizowekwa mahali panapofaa.

Roboti za wanafunzi nazo zikarithi. Katika miaka ya 1990, Fred Martin na wenzake wa MIT walitengeneza bodi ya Handy Board yenye kiwambo cha mistari miwili, herufi 16 kila mstari. Mwanafunzi aliandika printf, na namba ya kihisi ikatokea juu ya mgongo wa roboti. Arduino ilipozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, haikuwa na kiwambo. Namba zake husafiri kwa waya wa USB hadi kwenye kompyuta, kwa amri ya Serial.print.

Na hiyo ndiyo tuliyoiandika sisi siku ile ya tatu. Tuliipandisha roboti juu ya vitabu, magurudumu yakizunguka hewani. Kwanza tulichapisha bila kupumzika, ikaanza kutetemeka. Kumbe kuchungulia bado kuna gharama! Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi 20 huchukua takriban milisekunde 21, na programu yetu ilitakiwa kurekebisha mota kila milisekunde 10. Tukapunguza, tukachapisha kila nusu sekunde. Hesabu ya hatua za gurudumu ikapanda vizuri: 29898, 31154, 32410, halafu...

-31870.

Tulitazamana. Gurudumu lilihesabu hatua 1,200 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mita 8 zilihitaji hatua kama 47,000. Lakini hesabu hiyo tuliihifadhi kwenye int, ambayo kwa Uno ni biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Ikivuka hapo hugeuka hasi. Roboti ilipofika mita 5 na nusu iliamini iko nyuma ya mahali ilipoanzia, kwa hiyo ikakimbia kwa nguvu zake zote. Mita 2 za maabara zisingeonyesha kosa hilo hata siku moja.

Nyaya za mwenzetu hazikuwa na tatizo lolote. Mstari wenye int niliuandika mimi.

Nilibadilisha neno moja tu, int ikawa long, na roboti ikasimama mahali pake. Kisha nikaenda chumbani kwake kumwomba radhi, na karatasi yenye zile namba nikaibeba mkononi. Aliisoma, akacheka, akauliza kama tumekumbuka kuchaji betri.

Hatukuwa tumekumbuka. Haya, tuonane tena wakati mwingine.