Historia fupi ya mtandao wa kompyuta kuu kusini mwa Afrika

0. Utangulizi

Kompyuta kuu si mashine moja yenye akili kupita nyingine. Ni mashine nyingi zilizounganishwa pamoja. Kazi moja hugawanywa vipande maelfu, kila mtambo hukokotoa kipande chake, kisha majibu hukusanywa, mfano wa ukoo unaogawana shamba moja wakati wa kulima. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa njia hiyo wataalamu hubashiri mvua, husoma chembe za urithi za virusi na kupanga picha za nyota. Makala haya yanasimulia jinsi nchi za kusini mwa Afrika zilivyoanza kujenga mtandao wa kompyuta za aina hiyo. Yanakusudia kuonyesha kwamba shida kubwa haikuwa kupata mashine, bali kupata njia za kuziunganisha na watu wa kuzitunza.

1. Njia zilitangulia

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyuo vikuu vingi vya eneo hili vilitegemea setilaiti kwa mawasiliano, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka 2005 mitandao ya elimu ya Malawi, Msumbiji, Kenya, Rwanda na Afrika Kusini iliafikiana kuunda umoja mmoja, UbuntuNet Alliance, ambao makao yake yako Lilongwe. Jina lenyewe lastahili kuangaliwa: ubuntu ya Kinguni na utu ya Kiswahili zina mzizi mmoja. Kongo nayo iliingia katika umoja huo kwa mtandao wake uitwao Eb@le, kutokana na neno la Kilingala lenye maana ya mto.

Kebo za baharini zilifuata. SEACOM ilifunguliwa mwaka 2009 katika pwani ya mashariki. WACS ilifunguliwa mwaka 2012 katika pwani ya magharibi, nayo hupitia Muanda, katika pwani fupi ya Kongo. Bila njia hizo, kompyuta kuu ingebaki kisiwa.

2. Kituo cha Cape Town

Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifungua kituo cha taifa cha kompyuta kuu, CHPC, mjini Cape Town. Mitambo yake ilipewa majina ya wanyama: iQudu, yaani tandala kwa Kixhosa, kisha Tsessebe, aina ya nyamera, na mwaka 2016 Lengau, ambaye kwa Kitswana ni duma. Lengau aliweza kufanya hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde, na wakati huo alihesabiwa kuwa mwenye mbio kuliko wote barani. Hata hivyo duma mmoja hawindi kwa ajili ya kanda nzima. Mtafiti wa nchi jirani aliyetaka kutumia kituo hicho alihitaji kwanza ujuzi, na ujuzi haupatikani pasipo mtambo wa kujifunzia.

3. Urithi wa Ranger

Mwezi wa Mei 2012 iliamuliwa kwamba darubini kubwa ya redio, SKA, ijengwe Afrika Kusini na Australia. Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia zilikuwa washirika wa upande wa Afrika. Darubini hiyo ingezaa habari nyingi mno. Kwa hiyo nchi hizo zilihitaji watu wenye kujua kuzichambua.

Nafasi ilitokea mwaka 2013. Kituo cha TACC cha Chuo Kikuu cha Texas kilizima kompyuta yake kuu iitwayo Ranger, iliyofanya kazi tangu 2008. Ilikuwa na viini 62,976 vya kukokotoa, na uwezo wa hesabu trilioni 579 kwa sekunde. Baadhi ya makabati yake yalisafirishwa hadi Afrika Kusini. Huko CHPC iliyagawa kuwa mitambo midogo kwa ajili ya vyuo vikuu vya nchi jirani.

Zawadi hiyo ilikuwa na gharama yake. Ranger ilistaafishwa kwa sababu mtambo mpya ulifanya hesabu nyingi zaidi kwa umeme uleule. Aliyeupokea mtambo wa zamani alipokea pia ulaji wake wa umeme na haja yake ya hewa baridi. Tena Sun Microsystems, kampuni iliyouunda, ilikuwa imekwisha kununuliwa na Oracle mwaka 2010. Vipuri havikutazamiwa kupatikana kwa wepesi.

4. Watu

Lakini mashine ya zamani ina faida moja: fundi haogopi kuifungua. Atajifunza kuunganisha nyaya, kupanga foleni ya kazi na kubadilisha kilichoharibika, mambo ambayo hawezi kuyajua kwa kusoma tu. Kwamba ujuzi huo wapatikana Afrika, vijana walithibitisha: mwaka 2013, na tena mwaka 2014, wanafunzi wa Afrika Kusini waliofunzwa na CHPC walishinda mashindano ya kimataifa ya kuunda na kuendesha kompyuta kuu huko Leipzig, Ujerumani.

5. Hitimisho

Kongo ni mwanachama wa SADC tangu 1997, na kebo inafika pwani yake; walakini haikuwamo katika orodha ya washirika wanane wa darubini. Mambo haya si ya wanafizikia peke yao. Nchi isiyo na watu wa kukokotoa hupeleka nje takwimu za mvua yake, za madini yake na za magonjwa yake, kisha hungoja wengine waitafsirie. Historia iliyosimuliwa hapa yafundisha utaratibu: njia kwanza, mafundi pili, mashine tatu. Chuo kikuu kitakachoanza leo kufunza mafundi wanne au watano, hata kwa kompyuta chache za kawaida zilizounganishwa, kitakuwa tayari siku mashine kubwa itakapowasili.