Mwamuzi na Mtunzi wa Ulimwengu: Historia ya Dhana Mbili

Miongoni mwa michezo iliyoenea katika nchi nyingi tangu mwaka 1974, umo mmoja ambao haujapata istilahi thabiti katika Kiswahili. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akaigiza mhusika wake kwa maneno. Mwenzao mmoja huwaeleza wanayoyaona na wanayoyasikia, na jambo likiwa na shaka hutupwa dadu. Sisi tutauita mchezo wa kuigiza wa mezani. Neno la mwisho ndilo linaloutenga na tamthilia ya jukwaani. Lakini tatizo kubwa la mfasiri limo katika jina la yule anayewaeleza wenzake. Je, ni mwamuzi, ni msimulizi, au ni mtunzi? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya dhana hii inatudai maneno mawili, wala si moja.

Asili yake ni jeshini. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz mdogo, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kuwafunza maofisa. Makamanda wa pande mbili waliandika amri zao na kumkabidhi mwamuzi. Yeye alivisogeza vikosi juu ya ramani, akatupa dadu kukadiria hasara, na akawaonyesha makamanda yale tu ambayo wangeweza kuyaona vitani. Huyu alikuwa mwamuzi hasa. Kutunga nchi hakukuwa kazi yake. Ramani ya kipimo cha 1:8,000 ililetwa mezani ikiwa tayari.

Huko Marekani, Charles Totten, naye ofisa wa jeshi, alitoa mwaka 1880 kitabu cha mchezo wa namna hiyo kiitwacho Strategos. Kitabu hicho kilikuja kusomwa na David Wesely wa Minnesota. Mwaka 1969 Wesely aliandaa mchezo uliofanyika Braunstein, mji wa kubuni wa Kijerumani wa enzi za Napoleon. Mbali na makamanda, alikuwamo meya, mwenye benki na mkuu wa chuo kikuu, na kila mmoja alikuwa na shabaha yake. Hapo mwamuzi alianza kuwa na mji usiopatikana katika ramani yoyote.

Mmoja wa wachezaji hao, Dave Arneson, ndiye aliyeanzisha Blackmoor mwaka 1971: ngome moja, vyumba na njia za chini yake, na kijiji kando. Mchezo huo haukwisha kwa jioni moja. Wachezaji walirudi tena na tena, na kila waliporudi nchi ilihitaji kupanuka. Mwaka 1972 Arneson aliuonyesha mchezo wake kwa Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, naye Gygax akatunga Greyhawk kwa utaratibu ule ule, kuanzia ngome na kwenda nje. Ni vema msomaji atambue kwamba hakuna aliyeanza kwa kuumba bara zima. Mto ulipata jina siku wachezaji walipotaka kuuvuka. Istilahi nyingi nazo huzaliwa vivyo hivyo, haja inapobisha hodi.

Mwaka 1974 wawili hao walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kasha, nakala 1,000 katika chapa ya kwanza. Humo hamkuwa na nchi iliyokwisha kuchorwa. Mwamuzi aliagizwa achore mwenyewe ramani zisizopungua sita za ngazi za chini ya ardhi kabla ya mchezo kuanza. Hivyo kazi mbili zilikutana katika mtu mmoja, naye akabaki na jina lile lile la mwamuzi.

Muungano huo haukudumu. Mwaka 1975 ulichapishwa Empire of the Petal Throne, mchezo wa M.A.R. Barker, mwalimu wa Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Ulimwengu wake, Tékumel, ulikuwa na lugha aliyoitunga yeye mwenyewe, yenye sarufi na msamiati wake. Greyhawk ilichapishwa kama ulimwengu kamili mwaka 1980. Mwaka 1987 ikafuata Forgotten Realms, aliyoianza Ed Greenwood wa Kanada tangu utotoni. Tangu hapo mwamuzi aliweza kununua ulimwengu uliotungwa na mtu asiyemjua.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2022 wakfu unaotunza kazi za Barker ulithibitisha kwamba yeye ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya yenye itikadi ya Kinazi iliyotolewa mwaka 1991. Swali la nani aliyeutunga ulimwengu likawa zito kwa waliouchezea. Lakini halikumhusu mwamuzi aliyeketi nao mezani. Lugha yenye jina moja kwa wote wawili ingemtwika mwamuzi mzigo usio wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mwamuzi kwa yule anayesimamia kanuni na kueleza yanayotokea, na mtunzi wa ulimwengu kwa yule anayebuni mahali, watu na majina. Mtambaji, ingawa ni neno zuri la kwetu, halifai, kwa sababu mtambaji huujua mwisho wa ngano yake, na mwamuzi haujui. Tumechagua ulimwengu badala ya dunia kwa kuwa neno hilo lina walimwengu ndani yake, na nchi ya kubuni isiyo na watu ni ramani tu.

Mwalimu wa jiografia anaweza kuyapima maneno haya darasani. Wanafunzi na wabuni bandari moja, soko lake, maji yake na sheria zake, kisha mwalimu awaongoze kuishi humo kwa saa moja. Wao watakuwa watunzi wa ulimwengu. Yeye atakuwa mwamuzi.