MAMA WA KAMBO: KUTOKA NYUMBA YA MTUME (S.A.W.) MPAKA MACHIMBO YA GEITA



Ndugu zangu katika imani, huku Shinyanga na Geita madini yamejenga familia na pia yamezitawanya. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa toka miaka ya 1930 mpaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Pembeni wako wachimbaji wadogo wanaohama duara hadi duara. Baba anaoa tena machimboni, au mama anafariki na watoto wanapelekwa kwa mke mpya. Hapo ndipo neno "mama wa kambo" linapogeuka kuwa tusi.

Turudi kwenye historia yetu.

Mama Khadija (r.a.) alifariki miaka 3 hivi kabla ya Hijra, akaacha nyumbani mabinti Ummu Kulthum na Fatima (r.a.). Khawla bint Hakim akamshauri Mtume (s.a.w.) aoe, naye akamuoa Sauda bint Zam'a, mjane aliyewahi kuhajiri Uhabeshi. Mtume alipotangulia Madina, aliwatuma Zaid bin Haritha na Abu Rafi' wakaichukue familia. Sauda na mabinti wa Khadija wakasafiri katika msafara mmoja. Huyo ndiye mama wa kambo katika nyumba bora kuliko zote!

Naye Jabir bin Abdullah, baba yake alipouawa Uhud, aliachiwa dada wadogo. Akaoa mwanamke aliyekwisha kuolewa, ili awachane nywele na kuwalea. Mtume akalikubali jambo lake.

Sasa tazama ujahilia. Baba akifa, mwana aliweza kumrithi mke wa baba yake kama anavyorithi ngamia. Suratun Nisaa, aya ya 22, ikaufunga mlango huo. Mke wa baba ni haramu kwako milele, hata baba akifa au akimwacha. Ni maharimu wako. Sheria imemweka mahali pa heshima ya mama.

Lakini kwetu, kifusi kikimfukia baba, kaburi halijakauka watoto wakubwa wanamtoa mjane nje. Kwingine mjane anaficha hati za shamba ili watoto wa mwenzake wasipate kitu. Zote ni dhulma. Baada ya madeni na wasia, mjane ana thumuni, 1/8, mume akiwa ameacha watoto. Wajane wakiwa wengi wanagawana hiyo hiyo. Na watoto wa baba mmoja haki yao haipunguzwi kwa sababu ya mama aliyewazaa.

Kwa ukambo peke yake hakuna kurithiana. Basi mtoto uliyelelewa naye, mkumbuke kwa wasia usiozidi thuluthi. Nawe mama, wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi hiyo umeifanya bila hata kubeba mimba, na ujira wako uko kwa Allah.

Leo mpigie simu mke wa baba yako, umsalimie.

Wallahu a'lam.