Mkono Ulioandika Hesabu za Uongo

Msomaji, wazee wetu walisema kuwa mjumbe hauawi. Maana ya methali hiyo ni njema. Mtu aliyetumwa kupeleka habari asiadhibiwe kwa ubaya wa habari asiyoitunga yeye. Lakini je, mtu aliyeutengeneza uongo kwa mkono wake mwenyewe, hali akijua kuwa ni uongo, aweza kujificha nyuma ya methali hiyo kwa sababu tu alitumwa na tajiri wake? Swali hili liliulizwa katika mahakama moja ya New York, nchini Marekani, na jibu lake likatolewa mwaka 2014. Yafaa kila kijana atarajiaye kuishi kwa elimu na ufundi wake aijue habari hiyo.

Bernard Madoff alianzisha biashara ya kununua na kuuza hisa mwaka 1960. Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni, na mwenye kuinunua hutumaini kupata faida kampuni ikistawi. Madoff alipanda daraja hata akawa mwenyekiti wa soko la hisa liitwalo NASDAQ. Jina lake likawa dhamana. Matajiri na watu wa kadiri, pamoja na vyama vya hisani, walimkabidhi fedha zao awazalishie, na kila mwezi walipokea karatasi iliyoonyesha hisa alizowanunulia na faida waliyopata. Faida hiyo haikuwa kubwa ya kushangaza. Ajabu yake ni kuwa ilikuja takriban bila kukosa, soko likipanda au likishuka.

Ukweli ni kwamba hisa hizo hazikununuliwa. Fedha ziliwekwa katika benki, na mteja aliyetaka zake alilipwa kwa fedha za mteja mwingine. Hila hii huitwa kwa jina la Charles Ponzi, aliyewadanganya watu mjini Boston mwaka 1920. Ni sawa na kufukia shimo kwa udongo wa shimo jingine. Mchimbaji hana budi kuendelea kuchimba, na siku akipumzika shimo la mwisho huonekana.

Sasa fikiri, msomaji, jinsi uongo wa namna hii uwezavyo kuendeshwa. Wateja walikuwa maelfu. Kila mmoja alitazamia karatasi yake ya mwezi, na hesabu ya kila karatasi ilipasa kulingana na hesabu ya nyingine zote. Karani mmoja mwenye kalamu asingaliiweza kazi hiyo hata angalikesha mwaka mzima. Iliiweza kompyuta. Katika orofa ya 17 ya jengo moja katika barabara ya Third Avenue, mjini New York, palikuwa na kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa House 17. Wasaidizi wa Madoff walitazama bei za siku zilizokwisha kupita, wakachagua bei nafuu ya kununulia na bei nzuri ya kuuzia, kisha kompyuta ikawagawia wateja wote biashara hiyo isiyofanyika, kila mtu kwa kadiri ya fedha zake. Ni rahisi kushinda mbio ambazo matokeo yake yamekwisha kutangazwa.

Kompyuta haina nia wala ujuzi wake yenyewe; hufuata programu, yaani maagizo aliyoyapanga mwanadamu hatua kwa hatua. Waliopanga maagizo ya House 17 walikuwa Jerome O'Hara, aliyeajiriwa mwaka 1990, na George Perez, aliyeajiriwa mwaka 1991. Hawakuwa mabwana wa biashara ile, wala hawakukaa na wateja kuwashawishi. Walikuwa mafundi.

Kazi yao ilizidi ugumu kila wakaguzi walipobisha hodi. Biashara ya kweli huacha alama zake, kama vile saa iliyofanyika, idadi ya hisa, na upande wa pili ulionunua au kuuza. Biashara isiyofanyika haina alama hata moja. Kwa hiyo zilitungwa programu za pekee za kubuni alama hizo, nyingine zikichagua saa na idadi kwa nambari za kubahatisha, ili karatasi zipate ile hali ya kutolingana ambayo jicho la mkaguzi huizoea. Zilitengenezwa hata taarifa za uongo zilizofanana na zile za taasisi kuu inayotunza hisa za Marekani. Frank DiPascali, msaidizi mkubwa wa Madoff aliyekiri makosa yake, alieleza mahakamani kuwa safari moja karatasi zilizotoka kwenye mashine zikiwa na joto zilitiwa katika friji zipoe, kisha zikarushwarushwa mikononi mwa watu zichakae, ili mkaguzi azidhani kuwa ni za zamani. Tume ya serikali isimamiayo masoko ya hisa ilionywa mara kadhaa, ikachunguza zaidi ya mara moja, na isiugundue ulaghai huo.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha habari hii. Mwaka 2006 mafundi wale wawili waliingiwa na hofu. Walitoa fedha zao wenyewe katika biashara ya Madoff, wakajaribu kufuta zaidi ya programu 200 miongoni mwa zile za pekee, kisha wakamwendea tajiri wao wakamwambia kuwa hawatatunga tena hesabu za uongo. Katika maandishi ya mkono ya O'Hara yaliyopatikana baadaye, alikuwa ameandika kuwa hatasema uongo tena. Madoff alimwagiza DiPascali awape watakacho wapate kunyamaza. Wakaongezewa mshahara kwa takriban asilimia 25, na kila mmoja akapata bakshishi ya takriban dola 60,000. Wakapokea, wakabaki kazini, na mashine ikaendelea kupiga chapa karatasi za kila mwezi.

Tafakari, msomaji, thamani ya siku ile. Katika mlango mmoja palikuwa na aibu, hasara ya kazi na pengine kifungo; katika mlango wa pili palikuwa na fedha na kimya. Dhamiri ilikwisha kuamka, kwani mtu haokoi mali yake mwenyewe katika nyumba asiyoiona kuwa inaungua. Lakini aliyejitoa katika moto na asiwaamshe majirani, je, ameokoa nini? Watu waliendelea kuleta akiba zao kwa miaka miwili zaidi.

Mwisho wa mwaka 2008, mashaka ya fedha yalipoenea duniani, wateja wengi walitaka fedha zao kwa pamoja, na hazikuwapo. Tarehe 11 Desemba Madoff alikamatwa. Karatasi za mwisho zilionyesha kuwa wateja walikuwa na takriban dola bilioni 65. Wingi wa fedha hizo ulikuwa wino mtupu, lakini akiba za kweli zilizopotea zilizidi dola bilioni 17. Wazee waliojiwekea fedha za uzeeni waliamka hawana kitu. Madoff alikiri, akahukumiwa kifungo cha miaka 150 mwezi Juni 2009, akafia gerezani mwaka 2021.

O'Hara na Perez walikamatwa Novemba 2009, na kesi yao na ya wenzao watatu ilianza Oktoba 2013. Wakili wa mfanyakazi mdogo huwa na neno la kusema, nao walilisema. Walidai kuwa wao ni mafundi wa kompyuta wasiojua mambo ya hisa, wakafanya walivyoagizwa, na kuwa Madoff, aliyewadanganya watu wenye akili wa dunia nzima, aliwadanganya na wao. Tusilidharau neno hilo. Mhunzi hajui kila kisu atakachofua kitachinja nini, na dunia itakosa visu tukimfunga kila mhunzi. Lakini mhunzi aliyeletewa mfano wa kufuli ya jirani, akaambiwa afue ufunguo wake kwa siri, kisha akaomba ujira zaidi kwa kuwa kazi hiyo ina hatari, hawezi kusema kuwa hakujua. Tarehe 24 Machi 2014 baraza la raia walioapishwa kuamua kesi hiyo liliwaona wote watano kuwa na hatia. Mwezi Desemba jaji aliwapa mafundi wale wawili kifungo cha miaka miwili na nusu kila mmoja, hali mkuu wa shughuli za ofisi, Daniel Bonventre, alipata miaka 10.

Wako wasemao kuwa adhabu ya mafundi ilikuwa ndogo, na wako waionayo kuwa kubwa kwa watu waliotumwa. Kwa rai yangu, hukumu ile ilishika mizani kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulipima kuwa aliyetunga hila si sawa na aliyeisaidia. Mkono wa pili ulipima kuwa aliyeisaidia kwa kujua hana budi kujibu. Kipimo hakikuwa cheo cha mtu wala chombo alichotumia, bali alilolijua na alilolitenda baada ya kujua.

Kijana usomaye, huenda kesho ukawa karani, mhasibu au mtunzi wa programu, na kazi yako itafanywa na mashine upesi kuliko macho ya watu yawezavyo kuifuata. Wenye mali hawataiona kazi hiyo. Wataona karatasi tu, na wataiamini. Siku moja waweza kuagizwa uandike jambo ambalo halikutokea kana kwamba limetokea. Siku hiyo ikumbuke methali tuliyoanza nayo, na uikumbuke yote. Mjumbe hauawi, naam. Lakini mjumbe ni yule aliyebeba barua, wala si yule aliyeighushi.