Jiwe la kijani na mlima mweusi wa Lubumbashi

Anayenunua yai la malakiti kwa wachongaji wa Lubumbashi amenunua shaba bila kuiona. Shaba ni nyekundu, hung'aa, hufuliwa ikawa waya au bangili. Malakiti ni jiwe la kijani lenye mistari, na likigongwa nyundo hupasuka. Hata hivyo, katika kila gramu 100 za malakiti safi mna takribani gramu 57 za shaba. Zinazobaki ni oksijeni, kaboni na hidrojeni. Vitabu vya shule huiita shaba elementi na malakiti kampaundi, kisha hutoa mfano wa maji na chumvi ya mezani. Ajabu kidogo, maana katika Katanga, eneo la Kongo lenye mji wa Lubumbashi, jaribio lenyewe la kuitoa shaba kwenye malakiti lilifanyika porini miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, bila darasa wala ubao.

Waliolifanya ndio wanaokumbukwa kama walaji wa shaba, jina alilolitumia Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini, katika maandishi yake ya mwaka 1926. Kazi ilikuwa ya kiangazi. Kwanza mawe yalichimbwa, yakapondwa na kuchambuliwa: ya kijani huku, udongo na mwamba mtupu kule. Mpaka hapo hakuna kilichobadilika, kwani mawe na udongo vilikuwa mchanganyiko tu, na mchanganyiko hutenganishwa kwa mikono, kama mpishi anayetoa changarawe kwenye mchele.

Kuitoa shaba ndani ya jiwe la kijani ni shughuli nyingine. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuichambua. Jiwe lilitiwa tanurini pamoja na makaa, mivukuto ikapulizwa. Joto lilifukuza mvuke wa maji na kaboni dioksidi, likabaki vumbi jeusi la shaba iliyoshikana na oksijeni. Gesi itokayo kwenye makaa ikainyang'anya oksijeni hiyo, na shaba, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, ikatiririka. Ilimiminwa kwenye kalibu, ikatoka misalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa makaburini huko Sanga, kwenye bonde la Upemba, na mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960.

Mwaka 1799 Mfaransa Joseph Proust, akifanya kazi Hispania, aliilinganisha kaboneti ya shaba iliyochimbwa ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe. Vipimo vilikuwa vilevile. Huo ukawa msingi wa kanuni kwamba kampaundi haibadilishi uwiano wa elementi zake, itoke mgodini au kwenye chupa. Mchanganyiko hauna nidhamu hiyo: kila ndoo ya mawe ya Katanga ina kipimo chake, na ndiyo maana migodi huajiri wakemia hadi leo.

Mjiolojia Mbelgiji Jules Cornet alifika mwaka 1892, muda mfupi baada ya Msiri, mfalme wa Bunkeya, kuuawa. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa katika tanuri la Lubumbashi, kwa mawe ya mgodi wa Étoile. Tanuri lilikuwa la kisasa, kemia ileile ya makaa.

Ila tanuri lile lilijua kudai kitu kimoja tu. Mawe yaliyoletwa, hasa ya mgodi wa Kipushi, yalikuwa na zinki na germani pia, na mengine yalikuja na kobalti. Shaba ilichukuliwa, sehemu kubwa ya vilivyosalia ilitoka ikiwa mavi ya tanuri, ikamwagwa nje mpaka ukazuka mlima mweusi unaoonekana toka pembe nyingi za mji, kando ya bomba la moshi. Kobalti ilitambuliwa na Georg Brandt wa Sweden miaka ya 1730, germani na Clemens Winkler wa Ujerumani mwaka 1886. Kwa hiyo elementi zote mbili zilijulikana siku mlima ule ulipoanza kukua. Kilichokosekana ni mtu wa kuona faida ya kuzitenganisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno taka linapopaswa kutiliwa shaka.

Faida ilionekana miaka ya 2000. Kampuni ya STL, wakati ule ubia wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na wageni, ilianza kuyayeyusha upya mavi yale na kutoa aloi ya shaba na kobalti. Aloi ni mchanganyiko wa metali, basi kazi haikuwa imekwisha: ilisafirishwa hadi Kokkola, Finland, ikatenganishwe huko. Leo STL ni mali ya Gécamines, na mwaka 2024 ilianza kupeleka nje germani ghafi iliyotokana na mlima huo. Mnunuzi ni Umicore ya Ubelgiji, yaani Union Minière yenyewe, iliyobadili jina mwaka 2001.