Nani Anaweza Kuomba? Historia ya Mikopo ya Umma kwa Miradi ya Maji na Majitaka, 1848 hadi Leo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mikopo ya umma iliyotolewa kwa serikali za mitaa ili kujenga mifumo ya majisafi na majitaka. Inaanzia Uingereza ya karne ya 19, inapitia Marekani baada ya 1972, kisha inarejea Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba masharti ya kuomba mkopo, sawa na riba yake au hata zaidi, yamechangia kuamua ni mji upi upate huduma na upi uendelee kungoja. Makala inapendekeza kwamba kazi ya kuandaa ombi igharimiwe na kuhesabiwa kuwa sehemu ya mradi wenyewe.

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu fedha za maji katika ukanda wetu kwa kawaida huanza na pengo kati ya mahitaji na bajeti, na huishia kwenye pendekezo la kukopa. Katikati ya hatua hizo mbili kuna swali ambalo halipewi nafasi ya kutosha: nani ataandika ombi la mkopo huo? Mji mdogo wenye mhasibu mmoja, usio na mhandisi wa kudumu wala hesabu zilizokaguliwa kwa miaka mfululizo, hauwezi kulipia upembuzi yakinifu ambao mkopeshaji huutaka kabla hajafungua jalada. Mji huo huenda ndio wenye shida kubwa kuliko miji yote iliyo kwenye orodha. Hata hivyo, kwenye orodha haumo.

Miradi ya majitaka ina sifa tatu zinazoufanya mkopo wa umma uwe na mantiki. Kwanza, sehemu kubwa ya gharama hulipwa mwanzoni, kabla mtu yeyote hajanufaika. Pili, mabomba hudumu kwa vizazi, hivyo si haki kizazi kimoja kibebe mzigo wote. Tatu, anayelipia bomba na anayenusurika kwa sababu yake si lazima wawe mtu mmoja: uchafu wa mlimani humdhuru anayechota bondeni. Kwa sababu hizo benki za kawaida, zinazotaka marejesho ya haraka, zimekuwa zikisita, na dola imelazimika kuingia. Historia inaonyesha kwamba ilipoingia, iliweka mlango. Na kila mlango una kizingiti chake.

2. Uingereza: kutoka ombi la walipakodi hadi kikao cha mkaguzi

Uingereza ilikuwa na utaratibu wa kukopesha fedha za umma kwa ajili ya ujenzi tangu 1817, lakini ni kipindupindu, kilichoingia nchini humo mwaka 1831, kilicholeta suala la mifereji kwenye meza ya Bunge. Sheria ya Afya ya Umma ya 1848 iliruhusu miji kuunda bodi za afya za mitaa zenye uwezo wa kukopa kwa dhamana ya kodi ya majengo. Kulikuwa na njia mbili za kuingia katika utaratibu huo. Njia ya kwanza ilikuwa ombi lililotiwa saini na angalau sehemu moja ya kumi ya walipakodi wa mji. Njia ya pili ilikuwa vifo: pale wastani wa vifo ulipozidi watu 23 kwa kila 1,000 kwa mwaka, serikali kuu iliweza kuilazimisha sheria.

Masharti hayo yanastahili kutafakariwa. Aliyekuwa na haki ya kuomba alikuwa mlipakodi, wala si mpangaji aliyeishi katika chumba cha chini kando ya mfereji ulioziba. Wenye nyumba wadogo, ambao kodi mpya ingekula sehemu ya pango walilokusanya, walikuwa mara kwa mara wapinzani wakubwa wa mikopo hiyo. Kwa hiyo mji uliweza kunyamaza kwa miaka mingi, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kutohitaji. Sharti la vifo liliwekwa kuziba pengo hilo, ila lilimtaka maskini afe kwanza ndipo ahesabiwe kuwa ameomba.

Mfano wa London unaonyesha upande wa pili. Bodi ya Kazi za Jiji iliyoanzishwa kwa sheria ya 1855 ilikuwa na mhandisi hodari, Joseph Bazalgette, lakini mipango yake ilikwama kwa sababu waziri wa kazi alikuwa na uwezo wa kuikataa. Katika majira ya joto ya 1858 uvundo wa mto Thames uliingia ndani ya jengo la Bunge lenyewe. Katika muda wa wiki chache Bunge lilipitisha sheria iliyoondoa kikwazo cha waziri na kuiruhusu bodi kukopa pauni milioni 3 kwa dhamana ya Hazina. Deni lingelipwa kwa tozo ya peni 3 kwa kila pauni ya thamani ya mali kwa muda wa miaka 40. Wakopeshaji walikuwa wameishi na tatizo pua kwa pua, na ombi likapita. Miji ya mbali haikuwa na bahati ya kunuka karibu na wabunge.

Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 ndiyo iliyougeuza mkopo kuwa utaratibu wa kawaida. Mamlaka ya mtaa iliomba kibali kwa Baraza la Serikali za Mitaa lililoundwa 1871. Muda wa kulipa uliweza kufika miaka 60. Jumla ya deni haikupaswa kuzidi mara mbili ya thamani ya mali zinazotozwa kodi kwa mwaka, na deni lilipozidi thamani ya mwaka mmoja, ilikuwa lazima mkaguzi aende mjini na kufanya uchunguzi. Hapo ombi lilikoma kuwa karatasi tupu. Mkaguzi alikagua michoro, akasikiliza wanaounga mkono na wanaopinga, na mara nyingine akarudisha mpango ufanyiwe marekebisho. Kwa mji usio na mtaalamu, ziara hiyo ilikuwa pia ushauri wa kitaalamu.

Hata hivyo ukomo wa deni ulipimwa kwa thamani ya mali. Mji tajiri kama Birmingham, chini ya meya Joseph Chamberlain, ulinunua kampuni binafsi ya maji mwaka 1876, na baadaye ukajenga mabwawa ya Elan huko Wales yaliyofunguliwa mwaka 1904. Mji wenye nyumba duni ulikuwa na haki ileile ya kuomba, lakini juu ya msingi mwembamba zaidi.

3. Marekani: ruzuku yageuka mkopo

Karne moja baadaye Marekani ilianza kwa njia tofauti. Sheria ya Maji Safi ya 1972 ilitoa ruzuku ya asilimia 75 ya gharama za mitambo ya kusafisha majitaka. Mwaka 1981 Bunge lilipitisha uamuzi wa kushusha kiwango hicho hadi asilimia 55, na marekebisho ya 1987 yakaanzisha mifuko ya mzunguko ya majimbo ili kuchukua nafasi ya ruzuku hiyo. Serikali kuu hutia mtaji, jimbo huongeza kiasi kinacholingana na asilimia 20 ya mtaji huo, miji hukopa kwa riba iliyo chini ya soko, na marejesho hurudi mfukoni ili yakopeshwe tena. Mwaka 1996 mfuko kama huo ulianzishwa kwa ajili ya maji ya kunywa.

Kwa mtazamo wa Hazina, huo ni ubunifu wa kuheshimiwa: shilingi moja hufanya kazi ya shilingi kadhaa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na mfuko wa mzunguko unaishi kwa dawa hiyo. Lakini mabadiliko hayo yaligeuza pia sifa ya mwombaji. Penye ruzuku, swali kuu lilikuwa uchafuzi ni mkubwa kiasi gani. Penye mkopo liliongezwa swali la pili: je, mtalipa? Kulijibu kunahitaji hesabu zilizokaguliwa, bei za maji zinazotosheleza marejesho, na taarifa ya mhandisi.

Wilaya ya Lowndes katika jimbo la Alabama ni ushahidi mchungu. Udongo wake mzito haunyonyi maji, hivyo mashimo ya kawaida ya majitaka hushindwa kazi, na familia nyingi maskini, wengi wao Wamarekani weusi, zimeishi na majitaka yakitiririka nje ya nyumba zao. Nyumba zimetawanyika, walipaji ni wachache, na kaya isiyounganishwa na mfumo wowote haina mamlaka ya kuiombea mkopo. Mfuko nafuu ulikuwepo. Aliyekosekana ni mwombaji.

Watunga sheria waliliona tatizo hili kwa kiasi. Sheria ya 1996 iliruhusu majimbo kutumia hadi asilimia 30 ya mtaji wa mwaka kama nafuu ya ziada kwa jamii dhaifu kiuchumi. Ilitaka pia asilimia 15 ya fedha za mikopo ielekezwe kwenye mifumo midogo inayohudumia watu wasiozidi 10,000, kadiri miradi inavyopatikana, na ikaruhusu asilimia 2 itumike kuisaidia mifumo hiyo kitaalamu. Asilimia hizo 2 ni kukiri kwamba kuomba ni kazi, na kazi ina gharama.

4. Afrika Mashariki: urithi na fursa

Ukanda wetu ulirithi kanuni ya Kiingereza ya kodi ya majengo bila kurithi mji mmoja wa kuitumia. Katika Kampala ya ukoloni, manispaa na Kibuga cha Mengo vilikuwa chini ya tawala mbili tofauti, na huduma pamoja na tozo za manispaa zilipangwa kwa ajili ya upande mmoja. Baada ya uhuru Uganda ilichagua shirika la kitaifa: lile la maji na majitaka lililoanzishwa 1972 lilianza na Kampala, Jinja na Entebbe. Faida ya njia hiyo ni kwamba mwombaji mmoja mwenye nguvu anaweza kuombea miji mingi. Hatari yake ni kwamba mji mdogo hupoteza sauti yake yenyewe.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Katiba ya 2010 iliwapa magatuzi jukumu la huduma za maji na usafi, lakini Ibara ya 212 inataka mkopo wa gatuzi uwe na dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la gatuzi. Kabla ya hapo, benki ya K-Rep ilikuwa imekopesha miradi midogo ya maji ya jamii. Wanajamii walichangia sehemu ya gharama, walisaidiwa kuandaa mradi, na ruzuku ililipwa baada ya kazi kukamilika na kuthibitishwa. Mfano huo ulionyesha kwamba udogo peke yake haumzuii mtu kukopa, ilimradi kuna wa kumshika mkono kwenye karatasi. Nchini Tanzania, mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikusanya shilingi bilioni 53.12 kwa hati fungani ya miaka 10. Ni hatua kubwa, lakini iliwezekana kwa sababu Tanga ni mamlaka yenye ankara, wateja na hesabu za kuonyesha. Haitufundishi bado la kufanya na mji usio na vitu hivyo.

5. Hitimisho

Historia hii haisemi kwamba mikopo ni mibaya. Bila kukopa, Bazalgette asingejenga. Inachosema ni kwamba foleni ya maombi haionyeshi ukubwa wa shida. Inaonyesha ni nani aliyeweza kufika kwenye dirisha. Mshauri wa sera anayepanga miradi kwa kutazama maombi yaliyowasilishwa tu anarudia kosa la 1848, la kuusoma ukimya kama kutohitaji.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kila mfuko wa mikopo ya maji katika ukanda utenge sehemu maalumu ya kugharimia upembuzi yakinifu na ukaguzi wa hesabu za miji midogo, bila sharti la marejesho mpaka mkopo wenyewe utolewe. Wakaguzi waende mijini badala ya kungoja majalada, kama ilivyofanyika Uingereza baada ya 1875, na wawasikilize wapangaji sawa na wenye nyumba. Mwisho, kila mfuko uchapishe kila mwaka orodha mbili: miji iliyoomba, na miji ambayo takwimu za afya zinaonyesha ilipaswa kuomba lakini haikuomba. Tofauti kati ya orodha hizo ndiyo kipimo cha kweli cha mafanikio ya mkopo wa umma.